Maswali ya Wasomaji: Simu Yako na Kinga ya VVU

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: je, simu inaweza kunikinga na VVU? Simu yenyewe haikingi. Kinachokinga ni kondomu, kidonge, kipimo kilichosomwa kwa wakati wake na ARV zinazomezwa bila kukatizwa. Simu inafupisha njia ya kuvifikia, na kwa jinsi tunavyoona, inafaa zaidi pale ambapo upande wa pili yupo mtu anayejibu. Tunaanza na swali lisiloweza kusubiri.

Kondomu ilipasuka Ijumaa saa tano usiku, na mwenzangu sijui hali yake. Kliniki ya karibu inafunguliwa Jumatatu asubuhi. Nimesoma mtandaoni hadi nimechanganyikiwa. Mtu akifikwa na hili asubiri?
*Msomaji, Mwanza*

Asisubiri hata kidogo. PEP, yaani dawa inayomezwa baada ya mtu kukutana na hatari, lazima ianze ndani ya saa 72. Tukihesabu kutoka Ijumaa saa 5 usiku, mlango unafungwa Jumatatu saa 5 usiku. Lakini saa hizo 72 ni ukomo. Siku za mwanzo virusi vinasafiri kutoka pale vilipoingilia kwenda kwenye tezi, na dawa inatakiwa iviwahi kabla havijaweka makao. Dozi ya Jumamosi asubuhi ni bora mno kuliko ya Jumatatu.

Kliniki ya VVU ikiwa imefungwa, chumba cha dharura cha hospitali ya wilaya au ya rufaa kiko wazi. Hapa ndipo simu inapofaa: Kenya piga 1190, Tanzania piga 199. Usianze kusimulia. Sema, "Nahitaji PEP, tukio limetokea saa fulani, niko mahali fulani, ni kituo gani kina dawa sasa hivi?" Ukifika utapimwa kwanza, kwa sababu aliyekwisha kuambukizwa hapewi PEP, anaanzishiwa matibabu. Ukipewa, ni siku 28 kamili. Wengi wanaharibu wiki ya kwanza: kichefuchefu kinawashika, wanaacha. Meza kidonge na chakula au wakati wa kulala, na ukishindwa kabisa rudi ubadilishiwe kabla hujaacha. Weka kengele ya kila siku kwenye simu, halafu weka na tarehe za kurudi kupima kama ulivyoandikiwa. Kipimo cha kufunga hesabu ni cha miezi 3.

Kwa aliyebakwa: hospitali kwanza. Mambo ya polisi na fomu yao ya PF3 yanaweza kufuata siku hiyohiyo, ila dawa isisubiri karatasi. Mwanamke aulizie palepale na dawa ya dharura ya kuzuia mimba.

Nilinunua kipimo cha mate kwenye duka la mtandaoni. Nilijipima usiku, usingizi ukanichukua, asubuhi nikakuta mstari wa pili, hafifu sana. Nimepiga picha nikaituma kwa rafiki aliyesomea maabara, akasema haoni kitu. Niamini macho yangu au picha?
*Msomaji, Nakuru*

Usiamini chochote kati ya hivyo viwili. Jibu hilo limeshapitwa na wakati. Kipimo kinachotumika sana Afrika Mashariki, OraQuick, kinasomwa kuanzia dakika ya 20 hadi ya 40. Kabla ya hapo majimaji hayajamaliza kupanda. Baada ya hapo ukanda unakauka na unaweza kutoa alama isiyo na maana. Mstari uliouona asubuhi hauwezi kutuambia ulikuwepo dakika ya 30 au la. Chukua kipimo kipya, au vizuri zaidi nenda kituoni leo upimwe kwa damu.

Kwa kuwa wengi wanakosea mahali hapo, tupitie kazi yote. Usile wala usinywe kwa dakika 15 kabla, na usipige mswaki wala kusukutua kwa dawa ya kinywa kwa dakika 30. Pakiti ina vyumba viwili: kimoja kina kichupa chenye majimaji, kingine kina kifaa chenyewe. Fungua kichupa kwanza, ukisimamishe kwenye kishikizo chake, usimwage hata tone. Kisha toa kifaa, usiguse kile kichwa bapa kwa kidole. Kipitishe ufizi wa juu mara moja, wa chini mara moja. Watu wanakiita kipimo cha mate, ndiyo maana wanakisugua kwenye ulimi na mashavu. Kinachotafutwa ni majimaji ya ufizi, ndiyo yenye chembe za kinga kipimo kinazozisoma. Kiingize kichupani mpaka chini, weka kengele ya dakika 20 kwenye simu, na ya pili ya dakika 40. Kifaa kibaki humohumo wakati unasoma.

Mstari kwenye C peke yake ni hasi. Mstari kwenye C na kwenye T ni chanya ya awali, *hata ule wa T ukiwa hafifu kama wako*, mradi umetokea ndani ya muda. C ikikosa mstari, kipimo kimeharibika bila kujali T inasema nini. Chanya ya awali haijawa majibu: kituoni utapimwa kwa vipimo vingine, kwa mfuatano uliowekwa na wizara, ndipo utaambiwa. Hasi nayo ina mpaka. Kama hatari ilitokea ndani ya miezi 3 iliyopita, rudia baada ya miezi hiyo kutimia. Na anayetumia ARV asijipime kwa kifaa hiki "kuona kama amepona", maana dawa inaweza kukifanya kionyeshe hasi huku virusi vimo mwilini. Tumesoma barua za watu walioacha dawa kwa sababu hiyo, na inauma, kwa kuwa maelezo hayo yamo ndani ya pakiti.

Kuhusu picha: kamera ya simu inapenda kung'arisha weupe, na mwanga wa kamera unafuta kabisa mstari hafifu. Ukitaka kumwonyesha mshauri, piga dakika ya 20 hadi 40, karibu na dirisha au chini ya taa nyeupe, bila mwanga wa kamera na bila kichujio, kifaa kikiwa kichupani. Mtumie mtoa huduma mmoja. Picha hiyo isiingie kwenye kundi lolote.

Ununuzi wa mtandaoni si kosa. Tanzania ilirekebisha sheria mwaka 2019 ili watu waweze kujipima wenyewe, na Kenya ilizindua huduma hiyo mwaka 2017. Hakikisha tu muuzaji amesajiliwa, pakiti haijafunguliwa, tarehe haijapita, na haijakaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30. Kifurushi kilichoshinda kutwa juani kwenye boksi la bodaboda hatungekipokea.

Naendesha lori Mombasa hadi Kampala, mara nyingine Kigali. Natumia dawa kinga. Kliniki inanitumia ujumbe kila siku saa mbili usiku: "Kumbuka afya yako." Mwezi wa kwanza ulinisaidia, sasa siusomi tena. Kuna namna bora?
*Msomaji, Mombasa*

Ipo, kaka, na hauko peke yako. Huko magharibi mwa Kenya, katika kituo cha Chulaimbo, watafiti walilinganisha ujumbe wa kila siku na wa kila wiki kwa watu waliokuwa wanaanza ARV. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: waliopata ujumbe wa kila wiki, asilimia 53 walimeza angalau asilimia 90 ya dawa zao kwa wiki 48, dhidi ya asilimia 40 ya wasiotumiwa kitu. Ujumbe wa kila siku haukuleta tofauti hiyo. Kinachokuja kila siku kwa maneno yaleyale sikio linakizoea, kama muungurumo wa injini yako.

Utafiti mwingine wa Kenya, uliotoka mwaka 2010, ulikwenda mbali zaidi. Muuguzi alituma neno moja kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", na yule aliyekaa kimya, alipigiwa simu. Watu 538 walishiriki. Baada ya mwaka, waliokuwa na virusi vilivyofubazwa walikuwa asilimia 57 upande wa ujumbe na 48 upande wa pili. Angalia kwamba ujumbe wenyewe haukutaja dawa wala ugonjwa. Nguvu yake ilikuwa ile simu ya muuguzi.

Sasa linganisha hayo na utafiti wa Thika na Kisumu kwa wanawake vijana 348 waliokuwa kwenye PrEP, yaani dawa kinga kama yako, inayomezwa kabla ya kukutana na hatari, uliochapishwa mwaka 2021. Vikumbusho vya simu havikuongeza chochote. Wenye vikumbusho na wasio navyo, wote walimeza kiasi cha robo tu ya vidonge. Kikumbusho kinamsaidia aliyesahau. Hakimsaidii anayeficha kopo lisilie kwenye mkoba, wala anayeogopa mwenzake atadhani ni ARV, wala aliyejiona hana hatari tena. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha ujumbe, jiulize ni siku zipi unaruka na kwa nini.

Kwa dereva tungefanya hivi. Ombeni kliniki ujumbe uwe wa kila wiki na uwe wa kujibiwa. Kumeza kwenyewe kukumbushwe na kengele ya simu, ambayo haihitaji mtandao. Laini ya Kenya ikiingia Uganda bila huduma ya nje ya nchi, ujumbe hautafika. Ifunge kengele kwenye jambo usilolikosa, mathalan kuegesha usiku, badala ya saa maalumu. Ukiingia Rwanda simu itarudi nyuma saa moja. Kwa PrEP saa moja si kitu. Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyohiyo, usirundike viwili kesho yake. Ukikaa zaidi ya wiki bila kidonge na kumbe ulikutana na hatari, pima kabla ya kuanza upya, na kama saa 72 hazijapita ulizia PEP. Dawa usiiache kwenye dashibodi, joto la kioo cha mbele linaiharibu. Beba ya miezi 3 kama unapewa, na tarehe ya kipimo cha kila miezi 3 iandike kwenye kalenda ya simu wiki moja kabla.

Mwulize pia mtoa huduma kuhusu utaratibu wa wanaume wa kumeza kulingana na tukio: vidonge 2 kati ya saa 2 na 24 kabla ya ngono, kimoja saa 24 baada ya kumeza hivyo viwili, na kingine saa 24 baada ya hicho. Shirika la Afya Duniani linaukubali kwa waliozaliwa wanaume na wasiotumia homoni za kike. Haufai kwa asiyeweza kujua saa 2 kabla kwamba atafanya ngono. Sindano nazo zipo: ya cabotegravir, ambayo baada ya mbili za mwanzo zilizopishana mwezi mmoja inachomwa kila miezi 2, na ya lenacapavir ya kila miezi 6, iliyopendekezwa na Shirika hilo Julai 2025. Hazijafika kila kituo. Kwa mtu wa safari za miezi mingi, tungeuliza mapema.

Nina miaka 21, natumia simu moja na mama mdogo. Nataka kuanza dawa kinga lakini naogopa ujumbe.
*Msomaji, Morogoro*

Hofu yako ina msingi, mdogo wetu, na kliniki inayokuandikisha inapaswa kuisikia kabla haijachukua namba. Mwambie mtoa huduma waziwazi: simu si yangu peke yangu. Una haki ya kuandikiwa kwenye kadi kwamba usitumiwe ujumbe kabisa, ukapewa tarehe mkononi. Ukikubali ujumbe, usiwe na jina la kliniki, dawa wala VVU. Kubalianeni maneno ya kawaida ("kikao ni Alhamisi") na swali ambalo mpigaji lazima alijibu kabla hujasema lolote, ili mama mdogo akipokea yeye, mpigaji aseme amekosea namba.

Simu janja ifungie arifa: Mipangilio, kisha Arifa, kisha skrini iliyofungwa, uchague kuficha maudhui. Jambo linalosahaulika ni akaunti. Kama simu imeingizwa akaunti ya Google ya mama mdogo, ulichotafuta na video ulizotazama zinaweza kujitokeza kwenye kifaa chake kingine, na video za namna hiyo zitaanza kupendekezwa zenyewe. Tumia dirisha fiche, ukimaliza lifunge, na angalia folda ya vilivyopakuliwa. Ukipiga namba ya huduma yenye nyota na reli, ifute kwenye orodha ya simu zilizopigwa. Kwenye kitochi hakuna cha kufungia ujumbe. Hapo chagua kadi ya mkononi.

Na laini ikipotea, wajulishe kliniki. Namba iliyoachwa muda mrefu kampuni inaifunga na kumuuzia mtu mwingine, na vikumbusho vyako vitaendelea kwenda kwake.

Mimi ni mwelimisha rika. Nimeunda kundi la WhatsApp la vijana 90 wa mtaani kwetu tuzungumze PrEP na kujipima. Wiki ya pili kila mtu kimya, watatu wametoka. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Temeke*

Kosa ni kundi lenyewe. Kila aliyeingia ameona namba za wote, na jina la kundi limemtangaza. Kijana mwenye swali la kweli haliulizi mbele ya watu 89 wa mtaa wake. Na hao watatu, tunaamini, ndio waliokuwa na sababu kubwa zaidi ya kuwemo.

Livunje kwa taratibu. Waandikie mmojammoja kwamba unalifunga, ondoa wanachama, kisha ulifute kwako. Badala yake gawanya kazi. Mafundisho ya jumla yaende kwenye chaneli, ambako wafuasi hawaonani namba, au kwenye orodha ya matangazo, ambayo ina kikomo cha watu 256 na inamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Maswali yaje faraghani, kwenye laini ya kazi, ambayo si laini unayotumia na familia. Tangaza saa zako ("Jumatatu hadi Ijumaa, saa 10 jioni hadi saa 2 usiku") uzitimize. Vijana wanajaribu kwanza kwa salamu. Usipojibu salamu, swali halitakuja. Kwa usiku na wikendi weka jibu la moja kwa moja lenye namba ya bure na maneno mawili kuhusu saa 72.

Usiandike orodha ya majina na majibu ya vipimo kwenye simu yako. Ukihitaji kufuatilia, tumia namba za siri, na ufunguo wake ubaki kituoni. Simu ikiibwa ndipo utaelewa kwa nini. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na wewe mwenye hiyo simu unahusika. Washa ujumbe unaojifuta, ukikumbuka kwamba hauzuii mtu kupiga picha ya skrini.

Pima kazi yako kwa waliofika kituoni. Mwombe mhudumu wa dirishani amuulize kila kijana ametumwa na nani, bila jina lake. Kumi waliochukua kipimo wanazidi elfu moja waliotazama video.

Naweza kuiuliza akili mnemba badala ya daktari?
*Msomaji, Eldoret*

Kwa kuelewa mambo, ndiyo. Kwa kuamua, hapana. Programu hizi zinachanganya miongozo ya nchi mbalimbali bila kukuambia. Mfano: mwanamke akiuliza PrEP ya kidonge inaanza kumkinga lini, anaweza kuambiwa siku 21, ambazo ni za mwongozo wa Marekani, au siku 7, ambazo ni za Shirika la Afya Duniani. Muulize aliyekupa dawa. Ukiuliza kuhusu tukio la jana usiku na jibu lisianze na PEP na saa 72, funga upige simu. Usiandike jina, namba wala kituo chako, usipakie picha ya kadi. Na yeyote anayekuuzia mtandaoni dawa ya "kuondoa VVU kabisa" anakudanganya, hata video yake iwe na watu wenye makoti meupe.

Mume wangu anaishi na VVU, mimi sina. Kliniki imemtumia majibu ya wingi wa virusi: "LDL". Tunataka mtoto. Je, ni salama kuacha kondomu?
*Msomaji, Kilifi*

LDL maana yake virusi ni vichache kuliko kiwango ambacho mashine inaweza kuvihesabu. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023: mtu anayemeza ARV na ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Ni habari njema, mama, na ni ya kweli. Lakini ujumbe mmoja wa simu unaeleza damu ya siku ile tu. Angalieni tarehe ya sampuli, si tarehe ya ujumbe. Zinaweza kupishana kwa wiki kadhaa. Hakikisheni amekuwa kwenye dawa angalau miezi 6 bila kuruka, na kwamba namba ya sampuli kwenye ujumbe inalingana na ya kwenye kadi yake, kwa maana majibu yamewahi kutumwa kwa wasio wenyewe. Ujumbe usipofika ndani ya mwezi, msiuchukulie kuwa habari njema: sampuli inaweza kuwa ilikataliwa maabara. Nendeni mkaulize.

Nendeni kliniki pamoja kabla ya kuacha kondomu. Wewe upimwe, nyote mchunguzwe magonjwa mengine ya zinaa ambayo ARV haziyazuii, na mkiona bado mna wasiwasi unaweza kumeza PrEP katika kipindi hicho na hata ukiwa mjamzito au unanyonyesha. Ukishika mimba, mweleze mkunga hali ya mume wako tangu hudhurio la kwanza, ili upimwe VVU tena na tena katika ujauzito na wakati wa kunyonyesha, badala ya ile mara moja ya mwanzo.